Plagi na Joto Lake: Uchaguzi wa Plagi kwa Injini Yenye Nguvu Nyingi

Mchukwi, katika Wilaya ya Kibiti, iko karibu na mahali ambapo usafiri wa barabara unakutana na usafiri wa maji. Upande wa bara, pikipiki hubeba abiria na mizigo katika njia za mchanga. Upande wa mashariki, katika mikoko ya delta ya Rufiji, wakazi hutegemea mitumbwi, mashua na boti zenye mashine. Injini ya pikipiki na mashine ya boti inayotumia petroli hushirikiana jambo moja: zote mbili haziwezi kufanya kazi bila plagi. Kifaa hiki ni kidogo na bei yake si kubwa, lakini kikichaguliwa vibaya chaweza kutoboa pistoni ya mashine ya thamani kubwa na kuwaacha abiria wakichukuliwa na mkondo kuelekea bahari kuu.

Kazi mbili za plagi

Kazi ya kwanza ya plagi yajulikana na wengi, nayo ni kutoa cheche. Étienne Lenoir alikwisha kutumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860, na mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch, alitengeneza mtambo wa umeme wa volti nyingi pamoja na plagi yake. Tangu hapo umbo la msingi halikubadilika sana. Katikati kuna elektrodi iliyozungukwa na kauri ya oksidi ya alumini, ambayo huzuia umeme usivuje. Nje kuna ganda la chuma lenye nyuzi za kufungia, na katika ganda hilo kumeshikizwa elektrodi ya pili. Baina ya elektrodi hizo kuna mwanya, aghalabu wa milimita 0.6 hadi 1.1. Umeme wa volti elfu 10 hadi elfu 30 huruka mwanya huo na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli.

Kazi ya pili haitajwi mara nyingi, nayo ni kuondoa joto. Moto ndani ya silinda hufikia nyuzi 2,000 za Sentigredi na zaidi, ambapo nikeli ya elektrodi huyeyuka kwa nyuzi 1,455 tu. Plagi husalimika kwa sababu moto huo ni wa kitambo kidogo sana, na kwa sababu joto linaloingia katika ncha husafiri kupitia kauri na ganda hadi kwenye kichwa cha silinda, ambacho hupozwa kwa maji au kwa upepo. Plagi nyingi huwekwa shaba ndani ya elektrodi ya katikati, kwa kuwa shaba hupitisha joto mara tano hivi kuliko chuma cha kawaida.

Plagi ya moto na plagi ya baridi

Ncha ya plagi yapaswa kukaa kati ya mipaka miwili. Ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi, masizi na mafuta hayaungui; hujikusanya juu ya kauri na kuupa umeme njia ya kuvuja, na cheche hukosekana. Ikizidi nyuzi 850 hivi, ncha yenyewe huwa kaa la moto ambalo huwasha mchanganyiko kabla ya cheche kutoka. Hapo pistoni, ikiwa bado inapanda, hukutana na moto unaoisukuma chini. Joto huongezeka, ncha huzidi kuwaka, na katika muda mfupi pistoni yaweza kutoboka.

Kwa sababu injini hazilingani, plagi nazo hutengenezwa kwa viwango mbalimbali vya joto. Tofauti imo katika urefu wa pua ya kauri. Mfano wake ni shamba la mpunga lililojaa maji: mfereji ukiwa mfupi, maji hutoka upesi, ukiwa mrefu, maji hukawia shambani. Vivyo hivyo, pua fupi hutoa joto upesi, na plagi yake huitwa ya baridi. Pua ndefu hukawiza joto, na plagi yake huitwa ya moto. Majina haya hayahusu ukali wa cheche hata kidogo. Anayenunua plagi ya moto akidhani atapata cheche kali zaidi amekosea msingi wa jambo lenyewe.

Injini yenye nguvu nyingi

Injini huhesabiwa kuwa ya nguvu nyingi ikiwa hutoa nguvu kubwa kwa ujazo mdogo, au ikiwa hufanya kazi kwa muda mrefu kaba ikiwa imefunguliwa kabisa. Mgandamizo mkubwa na mizunguko mingi huzalisha joto jingi kwa kila sekunde. Kwa hiyo injini hiyo huhitaji plagi ya baridi zaidi. Mgandamizo mkubwa huhitaji pia volti nyingi zaidi kuruka mwanya uleule, na ndiyo sababu mafundi wa magari ya mashindano mara nyingi hupunguza mwanya kidogo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipitisha magari katika nchi tambarare na katika nyanda za juu. Kwenye kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa huko petroli nyingi kupita kiasi, na plagi hushikwa na masizi. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri.

Mtego wa delta

Mashine ya boti ya mapigo mawili huhitaji cheche katika kila mzunguko, na ile ya mapigo manne huhitaji moja katika kila mizunguko miwili. Aidha, mashine nyingi za mapigo mawili huchoma mafuta ya kulainisha pamoja na petroli. Katika vijito vya mikoko nahodha huendesha polepole. Ncha hupoa, mafuta hugandamana, na mashine huzimika mara kwa mara. Fundi hushawishika kuweka plagi ya moto zaidi, na kweli mashine hutulia. Lakini siku boti inapovuka mlango wa mto wakati wa kusi, ikiwa na shehena kamili na kaba imefunguliwa yote, plagi iliyofaa kijitoni hupita nyuzi 850. Pistoni hutoboka mahali ambapo msaada uko mbali.

Kanuni basi ni hii: plagi huchaguliwa kwa kazi nzito kabisa ambayo injini itafanya, si kwa kazi nyepesi. Masizi ya kijitoni yaondolewe kwa njia nyingine: kupima uwiano sahihi wa mafuta na petroli, kurekebisha kabureta, na kuwa na plagi za akiba pamoja na spana yake ndani ya boti.

Kusoma namba na rangi

Alama za plagi si mapambo. Katika plagi ya NGK iliyoandikwa B8HS, B ni kipenyo cha nyuzi cha milimita 14, 8 ni kiwango cha joto, na H ni urefu wa nyuzi wa milimita 12.7. Herufi E mahali pa H ingeonyesha milimita 19. Plagi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni. Ijulikane pia kwamba kwa NGK na Denso namba kubwa ni ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch na Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Hivyo asibadili mtu aina ya plagi kwa kulinganisha namba tu. Atumie jedwali la watengenezaji. Plagi za platini na iridi hudumu muda mrefu, lakini hazirekebishi kiwango cha joto kilichokosewa.

Plagi iliyotumika hutoa habari. Kahawia hafifu ni dalili ya afya. Weusi mkavu ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Weusi wa majimaji ni mafuta. Kauri nyeupe yenye malengelenge ni joto la kupita kiasi, na hapo huchunguzwa pia uhaba wa petroli, wakati wa cheche, na njia ya maji ya kupoza, kabla ya kuilaumu plagi.

Maswali kwa wanafunzi

1. Silinda moja huhitaji cheche ngapi kwa sekunde, injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, (a) kwa mapigo mawili, (b) kwa mapigo manne?

2. Kwa nini plagi iliyofaa nyanda za juu yaweza kuwa ya moto mno katika usawa wa bahari?

3. Omba plagi kuukuu tatu kwa fundi wa karibu. Soma namba na rangi zake, kisha eleza maisha ya kila injini. Usijaribu cheche karibu na petroli.