Kikuzaji cha skrini kinaposahau (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliona jinsi ya kuwasha kikuzaji cha skrini katika Windows: kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Leo ni zamu ya lalamiko linalofuata. Asubuhi ukuzaji ulikuwa asilimia 300 na rangi zimegeuzwa, maandishi meupe juu ya weusi. Kompyuta imezimwa, ikawashwa tena, na mipangilio yote imefutika.

Kwa mwenye ualbino hilo si jambo dogo. Jicho lake halina rangi ya kutosha kuzuia mwanga, na ile sehemu ya retina inayotambua vitu vidogo haikukomaa sawasawa. Miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Mtu huyo akiingia steshenari pale Nkwenda kujaza maombi ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira, muda anaoulipia unaishia kutafuta mipangilio kwenye skrini nyeupe inayomwumiza macho.

Kikuzaji chenyewe mara nyingi hakina hatia. Kiwango cha ukuzaji, aina ya mwonekano na ugeuzaji wa rangi huandikwa kwenye rejista ya Windows, chini ya jina ScreenMagnifier, katika upande wa mtumiaji aliyeingia, si wa kompyuta nzima. Upande huo umo ndani ya faili liitwalo NTUSER.DAT, kwenye folda ya mtumiaji huyo. Ukiingia kwa akaunti nyingine, kikuzaji hakikujui. Na pale wateja wote wanapotumia akaunti moja, kinachokumbukwa ni alichoacha wa mwisho: amekuta herufi kubwa kama ndizi za mshale, akazirudisha asilimia 100, akaenda zake.

Vyumba vya kompyuta vya shule vina sababu nyingine. Baadhi hufungwa programu kama Deep Freeze, ambayo "huigandisha" kompyuta: kila inapowashwa upya huifuta kazi yote ya jana ili kuzuia virusi na wanafunzi watundu. Mwalimu anafurahi, mwanafunzi asiyeona vizuri anaanza upya kila kipindi. Faili la mtumiaji likiharibika, Windows nayo humpa akaunti ya muda, na akitoka hupotea na vyote alivyopanga. Umeme ukikatika ghafla, mabadiliko ya mwisho yanaweza kuwa hayajafika kwenye diski.

Kabla ya kuilaumu programu, badilisha picha ya mandhari, toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha uzime na kuwasha. Picha nayo ikirudi ya zamani, tatizo ni la akaunti au la ugandishaji, na kusakinisha kitu kipya ni kupoteza MB.

Dawa bora ni mwenye duka au mwalimu kumfungulia mtumiaji huyo akaunti yake. Haina gharama, na ni uvivu tu unaozuia. Kwenye kompyuta iliyogandishwa, msimamizi aiyeyushe kwanza, apange, kisha agandishe. Asiyeweza kupata lolote kati ya hayo anaweza kutumia regedit, kihariri cha rejista, kutoa sehemu ya ScreenMagnifier kama faili dogo la maandishi, akaliweka kwenye flashi. Akifika kompyuta nyingine anafunga kikuzaji, anabofya faili hilo mara mbili, anakubali, kisha anakiwasha. Pale ambapo msimamizi amefunga rejista, itabidi amwombe aifungue.