Taa ya Kioo Imegoma, Ugonjwa Uko Nyuma ya Bampa

Tangu magari yaliyotumika ya Japani yaanze kushushwa bandarini Mombasa yakiwa na ile taa ndogo ya kioo cha pembeni, imwonyayo dereva kwamba kuna chombo ubavuni pasipofikiwa na macho yake wala na vioo vyake, wasomaji wa Ukunda, Diani na Msambweni wamekuwa wakituuliza swali moja kwa sura nyingi: mbona taa hii, baada ya kukaa na upepo wa bahari, ama haiwaki kabisa, ama huwaka pasipo sababu? Na aghalabu wa kwanza kuwajibu huwa ni wazushi.

Wako wasemao kwamba gari lilitengenezewa barabara za Japani na haliwezi kuzijua za kwetu, ilhali Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Wako washikiliao kuwa ni kamera, basi mwenye gari hushinda akifuta kioo. Kweli Volvo ilianza na kamera viooni katika magari yake ya mfano wa 2005, lakini mengi tuliyonayo hutumia rada. Wabaya kupita wote ni wale wanaomtisha mama kwamba miale hiyo itamdhuru mtoto aketiye nyuma, kisha wakamuuzia kibandiko cha madini cha kumkinga. Huu ni ulaghai mtupu. Mawimbi hayo hayana uwezo wa kuvunja chembe za mwili, nguvu yake ni haba kuliko ya simu aliyoishika mama huyo, na kibandiko hicho kikibandikwa kwenye bampa kitafanya kazi moja tu, nayo ni kukipofusha kifaa.

Rada zenyewe ni mbili, zimefichwa nyuma ya bampa la nyuma, moja kila pembe, na katika magari mengi hutoa mawimbi yatetemayo mara bilioni 24 kwa sekunde, kila wimbi likiwa na urefu wa milimita 12.5, takriban upana wa ukucha wa kidole gumba. Gari likikujia kwa mwendo unaozidi wako kwa kilomita 10 kwa saa, mawimbi yanayogonga uso wake hurudi yakiwa yameongezeka mitetemo kama 444 kila sekunde; na katika bahari hiyo ya mabilioni, kifaa huitenga 444 hiyo, ambayo lau ingegeuzwa sauti, sikio la mwanadamu lingeisikia bila taabu. Mnazi uliosimama kando ya njia, kwa kuwa unaachwa nyuma kwa mwendo uleule wa gari lako, hurudisha mitetemo iliyopungua kwa kadiri ijulikanayo, nayo hutupwa. Ndiyo sababu taa haiwaki upitapo lori lililoegeshwa katika barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Hilo si ubovu, na asikutoze mtu fedha kwa ajili yake.

Mawimbi mafupi namna hiyo hayavumilii vizuizi. Tope jekundu la Shimba Hills likiwa bado bichi huyameza, kwa sababu maji huyameza. Bampa lililogongwa likajazwa puti, kisha likapakwa rangi nzito yenye chenga za alumini, huyarudisha ndani kabla hayajatoka. Breketi inayoishika rada, ikipinda kidogo tu, huielekeza kusikohusika. Amma chumvi, hiyo ndiyo adui wetu hasa: hewa ikipindukia unyevu wa asilimia 75, nayo hupindukia usiku mwingi hapa pwani, chembe za chumvi zilizoingia ndani ya soketi ya rada hunyonya maji na kuyeyuka, zikaunganisha pini zisizopasa kuunganika na kuzila pini zenyewe. Fungua soketi hiyo utaona ukoko wa kijani uliochanganyika na weupe. Mashine ya presha ya waosha magari, ikielekezwa humo kwa karibu, huharakisha maradhi.

Basi osha bampa kwa mkono, bandua vibandiko, pima betri, uliza kama bampa limewahi kupakwa rangi upya, kisha fundi wa umeme azitazame soketi na breketi. Rada ikibadilishwa, sharti ipimwe upya mwelekeo wake. Fundi achomekaye mashine yake, akafuta alama za hitilafu na kudai malipo pasipo kulifungua bampa, hajatengeneza kitu. Amelinyamazisha gari tu, tena kwa siku chache.

Walakini hata kifaa kizima kina upungufu usiotengenezeka: pikipiki hurudisha mwangwi hafifu kuliko gari na yaweza kukipita isitambulike, nazo bodaboda zimejaa toka Likoni hadi Msambweni. Kwa hiyo, ewe dereva, geuza shingo utazame kabla ya kuhama njia, na ikiwa taa yako ni mbovu, mwambie na yule unayemwazima gari.