Kikande: biashara inayokula mtaji wake

Wanunuzi wa kikande hawatafutwi. Kiazi hiki cha okidi za porini, ambacho wengine hukiita kinaka au chikanda, huchimbwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuvushwa mpaka wa Tunduma kwenda Zambia. Huko hukaushwa na kutwangwa, kisha unga wake hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi mpaka ushikamane na kukatika kwa kisu kama soseji nene. Zamani kilikuwa chakula cha Wabemba hasa. Leo kinauzwa masokoni na barabarani katika miji mingi ya Zambia, na mapori ya huko yameshindwa kukidhi mahitaji.

Ndiyo maana madalali waligeukia Makete, Mbeya na Ufipa. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa hadi viazi milioni 4 vilikuwa vikivushwa kila mwaka, na kwamba spishi zipatazo 85 zilikuwa hatarini. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ulio katika nyanda hizo hizo na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ndani ya hifadhi kuchimba ni marufuku, lakini okidi nyingi zinaota nje ya mipaka yake.

Tatizo la biashara hii liko chini ya shina. Ukifukua okidi ya jamii ya Disa au Satyrium wakati wa maua, utakuta viazi viwili. Kimoja kimenywea na kulegea: ndicho kilichotoa shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, akiba ya mwaka ujao. Soko linataka hicho kigumu. Mchimbaji akikichukua, mmea hauchipui tena, na mara nyingi unakuwa haujapata hata nafasi ya kumwaga mbegu. Kwa hiyo kila msimu mchimbaji hutembea mbali zaidi. Simlaumu, kwa familia nyingi za milimani hii ni fedha taslimu isiyodai mbolea wala shamba.

Je, okidi hii haiwezi kulimwa? Inawezekana, ila si kwa kuatika mbegu kitaluni kama kabichi. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini huota pale tu inapokutana na kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha. Katika maabara, mbegu husafishwa kuondoa vijidudu na kupandwa ndani ya chupa, ama pamoja na kuvu hao, ama juu ya rojo lenye sukari na madini. Miche huhamishiwa polepole kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, wenye mboji na mchanga. Humwagiliwa msimu wa mvua. Majani yakikauka, maji hupunguzwa ili kiazi kipumzike. Mavuno hungojewa miaka kadhaa.

Hapo ndipo hesabu inapomshinda mkulima mdogo, maana anayechimba porini hangoji chochote. Kwa maoni yangu, gharama ya chupa na miche haipaswi kuwa yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kinayo tayari maabara ya kuzalisha mbegu za viazi mviringo. Ujuzi wa kutunza miche ndani ya chupa si mgeni mkoani.

Jambo jingine ni karatasi. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Mkataba huo unatofautisha mmea uliochimbwa porini na uliooteshwa na binadamu. Mkulima wa kwanza wa kikande atahitaji kibali na kumbukumbu za miche kabla gunia lake halijafika mpakani.