Urani Hafifu na Rekodi Zake

Urani hafifu kongwe kuliko zote haikutengenezwa na binadamu. Ilikutwa Oklo, Gabon, ambako miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita mwamba wenyewe uligeuka tanuri la nyuklia, maji ya ardhini yakiuchochea. Wafaransa walilitambua hilo mwaka 1972 walipopima urani ya huko na kuikuta imepungukiwa U-235, aina inayopasuka na kutoa nishati, kama vile tayari ilikwisha kutumika.

Iliyotoka mikononi mwa watu ina umri mdogo mno. Jengo la K-25 huko Oak Ridge, Tennessee, lilipokamilika mwaka 1945 lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, na kazi yake ilikuwa kuitenga U-235, ambayo katika urani ya asili ni asilimia 0.7 tu. Urani nyingi ya mradi ule wa Marekani wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, mgodi uliokuwa na mawe tajiri kupita yote yaliyojulikana wakati huo. Mengine yalifika asilimia 65. Kinachobaki baada ya kutenga ndicho urani hafifu. Huko Paducah, Kentucky, na Portsmouth, Ohio, mabaki hayo yamewahi kujaza mitungi ya chuma zaidi ya 60,000.

Mabaki hayo ni rahisi kupatikana, na uzito wake ni mara 1.7 ya ule wa madini ya risasi. Ndiyo maana majeshi yaliyatamani. Mshale wa urani ukipenya chuma cha kifaru haubutuki ncha. Hubanduka pembeni na kuzidi kuchongoka, kisha vumbi lake huwaka ndani mwa kifaru.

Vita vya Ghuba vya 1991 ndivyo vilivyoitumia kwa wingi kwa mara ya kwanza: takriban tani 300. Ndege za A-10 pekee zilifyatua risasi zipatazo 780,000, kila moja ikiwa na gramu 300 hivi za urani. Kosovo, mwaka 1999, zilifyatuliwa kama 31,000.

Waliochunguzwa kwa muda mrefu kuliko wote ni askari wa Marekani waliopigwa kimakosa na wenzao kwa risasi za urani mwaka 1991. Tangu 1993 hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Baltimore huwapima figo, kiungo kinachohofiwa zaidi kwa sumu ya urani. Walio na vipande mwilini wameendelea kuitoa kwenye mkojo, ingawa madhara makubwa ya figo hayajaonekana. Kundi lenyewe ni dogo. Wakazi wa Basra, Iraq, walioachiwa vifaru vilivyoungua karibu na makazi yao, hawakupata uangalizi wa namna hiyo, na hilo linaniuma kuliko takwimu zote hizi.

Nchi ya kwanza kupiga marufuku silaha hizi ni Ubelgiji, iliyoitawala Katanga enzi za Shinkolobwe: sheria ilipita 2007, ikaanza kazi 2009. Costa Rica ikafuata 2011. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, zilitangaza kuipa Ukraine risasi za urani hafifu kwa ajili ya vifaru.