Kabla ya kutembeza bakuli: maktaba ya kijiji na amana ya mali za watu



Ndugu msomaji, kila Mwislamu anajua kwamba wahyi wa kwanza uliomfikia Mtume (SAW) ulikuwa amri ya kusoma. Makhatibu wanalikumbusha jambo hili kila mara, na walimu wa madrasa wanalifundisha. Lakini ni familia ngapi zimejiuliza swali linalofuata: mtoto akishaitii amri hiyo, akajua herufi na kuunganisha maneno, atasoma nini? Shule ikifungwa, nyumbani hakuna kitabu ila daftari lake mwenyewe, na maktaba iko mjini. Baada ya miaka michache kijana aliyekuwa akisoma vizuri darasani anahitaji kusomewa barua yake.

Chukua mfano wa Mbalibali, mkoani Mara, katika ukanda wa Tarime na Serengeti. Maktaba ya mkoa iko Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Mtoto wa mkulima au mfugaji hawezi kupanda gari kwenda Musoma ili aazime kitabu kimoja. Ndiyo maana mahali kama hapo, wazazi, walimu na vijana wakiamua kuunda chama cha maktaba, huwa wamefanya jambo la kheri kubwa. Taabu huanza siku ya pili, linapokuja suala la fedha. Wengi hudhani kazi ya kwanza ni kumwandikia mfadhili barua. Makala hii inasema kwamba ipo kazi inayoitangulia barua hiyo, na isipofanywa, msaada wenyewe hugeuka kuwa hasara.

Funzo kutoka Kanda ya Ziwa

Mkoa wa Mara si mgeni wa misaada ya kusoma. Kati ya 1968 na 1972, Serikali pamoja na UNESCO na Mfuko wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa ziliendesha katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake makuu yakiwa Mwanza. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao: pamba, uvuvi, ufugaji, malezi. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujifunza wapate cha kuendelea kusoma. Maktaba za vijiji nazo zikafunguliwa katika kata nyingi nchini, na Sweden, kupitia shirika lake la SIDA, ikawa mfadhili mkubwa wa elimu ya watu wazima.

Matokeo yake yaliishangaza dunia. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986, idadi hiyo ilitajwa kuwa imeshuka hadi takriban asilimia 10. Kisha uchumi ukayumba, karatasi ikawa adimu, fedha za wafadhili zikapungua, na maktaba nyingi za vijiji zikadorora. Sensa ya 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma na kuandika. Sababu za kurudi nyuma huko ni nyingi, lakini mojawapo ni hii: mtu aliyejifunza kusoma akakosa kitabu, husahau.

Tusiwalaumu wafadhili. Walitoa walichoahidi, na muda wao ulipokwisha wakaondoka, kama ilivyo kawaida ya kila mradi. Swali ni sisi wenyewe tulikuwa na nini cha kuendeleza kazi siku ya kuondoka kwao.

Wakfu ni jibu la zamani

Uislamu ulilijibu swali hilo mapema sana. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Umar bin al-Khattab (RA) alipata shamba huko Khaybar, mali aliyoithamini kuliko mali zake zote, akamwendea Mtume (SAW) kumtaka shauri. Mtume (SAW) akamshauri alizuie shamba lenyewe na atoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo kwa sharti kwamba shamba lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe, na kwamba mwenye kulisimamia aweze kula kwa wema bila ya kujitajirisha.

Zingatia mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, shina hubaki na matunda ndiyo hutumika. La pili, msimamizi ametengewa haki yake. Mara nyingi chama cha maktaba huomba fedha za vitabu na rafu, kikasahau kwamba kuna mtu atakayefungua mlango kila siku, atakayefagia, atakayeandika nani ameazima nini. Mtu huyo akifanya kazi miaka miwili bila ya posho, mlango utafungwa, na vitabu vitaliwa na mchwa.

Vitabu vyenyewe pia vimewekwa wakfu tangu zamani. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliweka wakfu nakala ya kitabu chake kikubwa cha historia katika maktaba ya Msikiti wa Qarawiyyin, mjini Fes, mwishoni mwa karne ya 14. Aliweka na masharti: kiazimwe na mtu mwaminifu tu, kwa rehani, kwa muda usiozidi miezi miwili. Mwanachuoni yule alijua kwamba kitabu kisicho na kanuni ya kuazimwa ni kitabu kilichokwisha kupotea.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa Lamu. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, umehifadhi maandiko ya mkono mengi, na baadhi yake yana maelezo yanayoonyesha kwamba yaliwekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Katika miaka ya 2010 maandiko hayo yalipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza inayohifadhi kumbukumbu zilizo hatarini kupotea. Maandiko yenyewe yalibaki Lamu; zilizotoka ni nakala. Huo ni msaada kutoka nje, na ni msaada mzuri. Lakini angalia mpangilio wake: mfadhili alikuta kitu tayari kipo, kina wenyewe, na kimetunzwa kwa vizazi. Hakuitwa kuja kuanzisha. Aliitwa kuongeza nguvu.

Basi chama cha maktaba cha kijijini kianze na shina lake, hata likiwa dogo. Familia moja inaweza kuweka wakfu kipande cha shamba. Huko milima ya Tarime kahawa inastawi. Wengine wanaweza kuchanga wakanunua viti na maturubai ya kukodisha katika harusi na misiba. Chumba kimoja cha duka kikipangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 600,000. Fedha hizo si nyingi, lakini zinaweza kulipa posho ya mtunzaji kwa muda fulani, kununua taa na kukarabati vitabu, na hazimtegemei mtu wa mbali. Ili mali hiyo isije ikagombaniwa na warithi, chama kisajili bodi ya wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ili mali iandikwe kwa jina la bodi, si la mwenyekiti.

Milango iliyo karibu

Shina likishapatikana, ndipo tunapotoka kuomba, na tuanze na milango ya karibu. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963 na ambayo sheria yake ilitungwa upya 1975, ndiyo yenye dhamana ya kuendeleza maktaba nchini. Kuomba ushauri wake kabla ya kujenga ni jambo la busara. Bodi hiyo ina chuo cha ukutubi Bagamoyo, ambako kijana wa kijijini anaweza kujifunza kazi ya kuhudumia maktaba. Kipo pia Chama cha Maktaba Tanzania, kilichozaliwa katika miaka ya 1970 baada ya kuvunjika kwa chama cha pamoja cha Afrika Mashariki. Katika chama hicho wakutubi hupeana ujuzi, na barua ya utambulisho kutoka kwa wenye taaluma huipa nguvu maombi ya wasiojulikana.

Mkoa wa Mara una neema nyingine. Wilayani Tarime uko mgodi wa dhahabu wa North Mara. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, akikubaliana na halmashauri. Kwa hiyo chama kinachotaka maktaba katika eneo linalohusika kisisubiri hisani ya meneja. Kipeleke hoja yake kwenye serikali ya kijiji, kata na halmashauri wakati mipango inapoandaliwa. Upande wa Serengeti, taasisi ya Grumeti Fund imekuwa ikifadhili elimu katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Upo vilevile Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009.

Kwa upande wa vitabu, shirika la Book Aid International la Uingereza, ambalo mizizi yake ni ya 1954, limekuwa likituma vitabu Tanzania kwa miaka mingi. Hapa pana tahadhari mbili. Kitabu cha bure kina gharama ya kukifikisha: bandarini, ghalani, na safari ndefu kutoka Dar es Salaam hadi Mara. Na vitabu vingi vya msaada huwa ni vya Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu na bibi yake aliyejifunza kusoma ukubwani wanahitaji Kiswahili. Katika bajeti yake, chama kitenge fungu la kununua vitabu vya wachapishaji wa hapa nchini.

Barua ya maombi

Ombi zuri hujibu maswali machache kwa ukweli. Ninyi ni nani, na mmesajiliwa wapi? Ama kwa Msajili wa Jumuiya, ama chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Fedha zisiombwe kwa jina la kikundi kisichotambulika. Tatizo ni lipi: watoto wangapi, shule ngapi, vitabu vingapi vilivyopo? Wahesabuni, msikisie. Mtafanya nini, kwa muda gani, kwa gharama gani kila kimoja? Ninyi wenyewe mmechangia nini? Na mwisho, fedha hizi zikiisha, maktaba itaishi kwa nini? Swali hili la mwisho ndilo huwashinda wengi. Mwenye wakfu wake hulijibu kwa mistari miwili.

Msiandike msiyoyaweza. Mwenye kuahidi kuhudumia vijiji kumi ili apewe zaidi, naye ana uwezo wa kuhudumia kimoja, amesema uongo kwa maandishi na ameweka sahihi yake.

Amana na hesabu

Fedha zikishapokelewa, mafakihi wametuwekea kanuni iliyo wazi: sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa maadamu halipingani na sheria. Msaada wa mfadhili nao tuuchukulie hivyo. Kilichotolewa kwa ajili ya vitabu hakinunui pikipiki, hata kama pikipiki inahitajika. Kwanza aombwe ruhusa aliyetoa.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Ikiwa deni la watu wawili wanaoaminiana linastahili kuandikwa, fedha za umma zinastahili zaidi. Ziwe katika akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, kila matumizi yawe na risiti, na hesabu zibandikwe mlangoni mwa maktaba kila robo mwaka.

Tukumbuke pia kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga sehemu akisema hii yenu na hii nimezawadiwa. Mtume (SAW) alipanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, akiuliza kama mtu huyo angepewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Kiongozi wa chama anayepokea bahasha kutoka kwa muuza vitabu au fundi wa rafu ajiulize swali hilohilo.

Je, zaka inafaa?

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuipeleka zaka yao kwenye ujenzi wa maktaba. Jamhuri ya wanachuoni wanaona kwamba zaka ni haki ya mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na kwamba majengo hayamo. Baadhi ya wanachuoni wa zama hizi wamepanua maana ya fungu la njia ya Mwenyezi Mungu. Aliye salama zaidi ni yule anayewapa zaka mafakiri na maskini, kisha akaichangia maktaba kutoka katika sadaka na wakfu, mlango ambao uko wazi kwa tajiri na kwa masikini.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii, kila familia ikae na kuzungumza: tuna nini tunachoweza kukizuia shina lake, matunda yake yakawasomesha watoto wa jirani, wawe Waislamu au wasiokuwa Waislamu? Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na miongoni mwake ni sadaka inayoendelea na elimu yenye kunufaisha. Maktaba ya kijiji yenye wakfu wake imeyakusanya mawili hayo katika chumba kimoja.