Alicheza, Anachezaka, Atacheza: Lugha ya Kumpima Winga Chipukizi Uvira

Kumpima mchezaji chipukizi ni kazi ya kutabiri. Mtu anatazama anachofanya kijana wa miaka 16 leo, kisha anaulizwa: akifika miaka 22 atakuwa mchezaji wa namna gani? Kazi hiyo hufanywa na makocha, wasaka vipaji na mawakala. Chombo chao cha kwanza si saa wala kamera, ni maneno. Taarifa ya mchezaji huanzia mdomoni, pembeni mwa uwanja, na neno likikaa vibaya pale, yote yanayofuata hupotoka.

Nimekulia Uvira. Kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada nimekuwa nikirekodi mazungumzo ya makocha na watazamaji kwenye viwanja vya mitaa, kuanzia Kavimvira karibu na mpaka hadi Kalundu bandarini. Nilikwenda kutafuta maneno ya mkopo kutoka Kifaransa, nayo yapo tele. Lakini kocha mmoja aliyejua kwamba nasomea lugha aliniomba nimsaidie kuandika taarifa ya winga wake, na hapo nikaona kwamba sarufi nayo ina kazi kubwa uwanjani. Familia ya kijana ilikuwa inaingoja taarifa hiyo. Mama yake anauza ndagala. Mjomba wake alikuwa tayari kuuza injini ya mtumbwi ili mtoto apate nauli na ada ya kwenda kujaribiwa mbali. Neno moja la sifa lililozidi lingeweza kuigharimu nyumba nzima chombo cha riziki.

Makala haya yanaeleza jinsi maneno tunayotumia yanavyosaidia au kuharibu upimaji huo.

Nyakati tatu za kitenzi

Kiswahili chetu cha Kongo ya mashariki kina kiambishi -ak-, ambacho kwa wengine husikika -ag-, kinachoonyesha mazoea. "Anacheza" ni sasa hivi. "Anachezaka" ni kwamba ndiyo desturi yake. Kiswahili sanifu kingesema "hucheza". Kiambishi hiki ni cha kale katika lugha za Kibantu, na jirani zetu wanaozungumza Kiswahili cha magharibi mwa Tanzania wanacho pia.

Kwa mpimaji, tofauti hii ni ya msingi. "Alicheza muzuri" ni habari ya mchezo mmoja. "Anachezaka muzuri" ni dai kuhusu michezo mingi. "Atacheza" ni utabiri. Katika rekodi zangu, msemaji anaweza kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu kwa pumzi moja: alifunga mabao mawili Jumapili, basi atacheza Ulaya. Katikati pameachwa wazi, na katikati ndiko penye ushahidi wote.

Kwa hiyo tulipoanza kuandika, nilimwomba kocha anieleze kila sifa kwa "-aka", kisha anitajie ameiona mara ngapi na katika hali gani. Je, anampitaka beki hata timu yake ikiwa nyuma? Anafanyaka hivyo akicheza na wakubwa wake, au na watoto wa rika lake tu? Uwanja ukiwa tope baada ya mvua je? Baadhi ya sifa zilisimama. Nyingine zilirudi kuwa "alicheza". Kwa mfano, krosi ya mguu wa kushoto iliyosifiwa mtaa mzima ilikuwa imeonekana mara moja tu, katika mchezo uliokuwa na watazamaji wengi.

"Ana mbio": neno moja, mambo manne

Sifa ya kwanza ya winga, kwetu na kwingineko, ni mbio. Lakini nomino hii imebeba mizigo minne kwa pamoja.

Kuna mbio za hatua tano za kwanza, yaani kuondoka mahali pamoja kwa ghafla. Kuna mbio za mwendo mrefu, mita 30 na zaidi, ambako mwili umeshafunguka. Kuna mbio akiwa na mpira mguuni, ambazo karibu kila mchezaji hupungukiwa nazo. Na kuna mbio za kurudia: kukimbia kwa nguvu zote, kurudi kukaba, kisha kukimbia tena dakika ya 80. Winga wa kiwango cha juu huhitaji zaidi ile ya kwanza na ile ya nne, kwa sababu nafasi nyingi pembeni ni fupi na hutokea mara kwa mara. Lakini mtazamaji hukumbuka ile ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoonekana vizuri kutoka mbali.

Uwanja nao huongeza utata. Vijana wengi wa Uvira hujifunzia mpira kwenye mchanga wa ufuo wa ziwa. Mchanga hupunguza kasi na kuuzuia mpira usidunde. Anayeuzoea hujifunza kupiga hatua fupi na kuuweka mpira karibu na mguu. Kijana wa namna hiyo akipelekwa kwenye nyasi bandia, mpira humkimbia siku za kwanza. Mpimaji asiyejua alikotoka ataandika "hana udhibiti". Anayejua ataandika kwamba anahitaji wiki chache za kuzoea. Taarifa nzuri, basi, hutaja ardhi ambayo sifa ilionekana.

"Kale katoto kana nguvu"

Kiswahili chetu kina pia ngeli ya ka-/tu- ya udogo, tuliyoipata kwa kuishi pamoja na lugha kama Kifuliiru, Kivira na Kirundi. "Kale katoto" ni yule mtoto mdogo, mara nyingi kwa mapenzi. Uwanjani ka- humpandisha mchezaji: mdogo anayewatesa wakubwa hupendwa na kila mtu. Ila ka- hutaja umbo, haitaji umri. Anayeitwa "katoto" anaweza kuwa wa miaka 17 aliyechelewa kukua, na jitu la miraba minne lililo upande wa pili likawa la miaka 14 lililowahi.

Hapa ndipo wapimaji wengi duniani hukosea. Katika mashindano ya vijana, waliowahi kubalehe hushinda kwa kilo na urefu, kisha wenzao wanapowafikia, faida hiyo huyeyuka. Pia imeonekana katika nchi nyingi kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa kuwa makundi ya umri huanza Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka uleule wanahesabiwa rika moja, ingawa wanatofautiana karibu miezi 12. Akisifiwa "ana nguvu", swali linalofuata ni: kwa kulinganishwa na nani?

Kijana wetu alikuwa wa upande wa ka-. Kocha aliandika kwamba hasukumi watu. Hupita kwa kubadilisha mwendo. Sifa hiyo ina uzito katika utabiri, maana haitategemea wenzake kubaki wadogo.

Umri na ushahidi wake

Hakuna sifa inayoweza kusomwa bila umri. Sheria ya nchi inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, lakini vita, umbali na kuhamahama vimewaacha wengi bila cheti. Kinachobaki ni ushuhuda wa mdomo, na huo si mnyonge kama wengi wanavyodhani, mradi usikilizwe vizuri.

Mama wa kijana hakutaja tarehe. Alisema mtoto alizaliwa baada ya duru ya pili ya uchaguzi na kabla ya tetemeko la Bukavu. Duru hiyo ilipigwa Oktoba 29, 2006. Tetemeko lilitokea Februari 3, 2008. Kwa hiyo tuna mipaka miwili ya uhakika na muda wa kama miezi 15 kati yake. Akaongeza kwamba mvua zilikuwa zimekatika, jambo linaloelekeza kwenye kiangazi cha 2007. Ushahidi huo unakubali kwamba haujui siku, lakini hausemi uongo.

Kisha akaja mtu mwingine, aliyejitambulisha kama wakala, akaiambia familia kwamba 2010 ni "mwaka mzuri" na kwamba karatasi angeitafuta yeye. Sikiliza kivumishi hicho. Mwaka wa kuzaliwa umegeuzwa bidhaa: unaweza kuwa mzuri au mbaya kulingana na soko. Kijana wa 2010 mwenye uwezo ule angeonekana muujiza. Yuleyule akiwa wa 2007 ni mchezaji mzuri wa rika lake.

Madhara yake yanajulikana. Juni 2021 klabu ya VfB Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake kutoka Kongo aliyejulikana kama Silas Wamangituka kwa kweli ni Silas Katompa Mvumpa, aliyezaliwa 1998 na si 1999. Klabu ilieleza kuwa alikuwa ameonewa na wakala wake wa zamani, aliyembadilishia jina na mwaka. Hata hivyo ni mchezaji mwenyewe aliyefungiwa na kutozwa faini. Na tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la 2009, lililochezwa Nigeria, FIFA imetumia picha za sumaku za kifundo cha mkono: mfupa ukishafunga kabisa pale, ni nadra sana mwenye mkono awe chini ya miaka 17. Karatasi inaweza kununuliwa, mfupa hauwezi.

Milango iliyopo

Familia ilitaka kujua pia mtoto anaweza kwenda wapi. Ibara ya 19 ya kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji inazuia uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Moja inatuhusu sana sisi watu wa mpakani: kijana anayeishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50 za mpaka huo, umbali wa jumla usizidi 100, aendelee kulala nyumbani kwao, na vyama vya soka vya nchi zote mbili vikubali. Kutoka Kavimvira, kupitia Gatumba, hadi Bujumbura ni ndani kabisa ya vipimo hivyo, mpaka unapokuwa wazi. Ndani ya Kongo yenyewe, kwa mfano kwenda Lubumbashi kwa TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara 5, ibara hiyo haihusiki. Dar es Salaam husubiri utu uzima: Fiston Mayele alihamia Yanga 2021 kutoka AS Vita Club, na Maxi Nzengeli 2023 kutoka Maniema Union, wote wakiwa tayari wamejenga jina nyumbani.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya bei. Wa 16 hadi 23 ni 0.5. Kwa mauzo ya dola 1,000,000, klabu ya mtaa iliyomlea misimu miwili akiwa na miaka 13 na 14 ingestahili dola 5,000. Lakini ni lazima iwe imemsajili, kwa jina lake na mwaka wake. Umri wa kubuni huwanyima hata waliomlea.

Taarifa tuliyoiandika

Taarifa ilitoka ukurasa mmoja. Ilitenganisha aliyoyaona kocha na aliyoambiwa. Ilisema: kuondoka kwake ni kwa haraka, kumeonekana katika michezo 9 kati ya 11, mguu wa kushoto bado, hurudi kukaba, ila huchoka baada ya dakika ya 70, amezoea mchanga, amezaliwa kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2008, kwa ushuhuda wa mama. Sehemu ya "atacheza" ilikuwa na sentensi moja: anafaa kujaribiwa na timu ya vijana iliyo karibu, akiendelea na shule.

Mjomba hakufurahi, alitarajia zaidi. Kocha alimsomea tena polepole, kwa Kiswahili, akimweleza kila "-aka" ilitoka mchezo gani. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena kuuza injini, na yule mwenye "mwaka mzuri" hakupewa jibu. Kijana amebaki na timu yake na yuko darasani. Atafika wapi, hakuna sarufi inayoweza kusema.

Kwetu sisi wa kitivo hiki kuna kazi hapa. Makocha wa mitaani wanaona mengi, na lugha yao ina viambishi vya kuyatofautisha vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika bila kuyanyoosha yafanane na fomu ya Kifaransa, ambayo mara nyingi ina kisanduku kimoja tu cha "kasi". Faharasa ndogo ya maneno ya upimaji, yenye mifano na maelezo ya kila neno linaficha nini, ingewafaa makocha kuanzia Kiliba hadi Baraka. Mimi nimefikia maneno 63. Anayetaka kuongeza yake anikute maktaba ya kitivo, siku yoyote isipokuwa Jumapili mchana, ambapo huwa niko uwanjani.