Pedi ya Kitambaa na Jua la Kabambare

Je, wajua kwamba hedhi nzima ya mwanamke, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40 tu za damu? Hivyo ni vijiko viwili au vitatu vya chakula, vinavyotoka kidogo kidogo kwa siku tatu hadi saba, pamoja na majimaji na mabaki ya utando wa mji wa mimba. Ikipita mililita 80, madaktari huihesabu kuwa damu nyingi, na mwanamke afaa apimwe.

Msichana wa Kabambare asiye na cha kuzuia kiasi hicho kidogo hubaki nyumbani. Aliye nacho huenda shule, sokoni na shambani, na hakuna anayejua. Huku kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, ambako barabara ya kutoka Kasongo hugeuka tope mvua zikishika na bidhaa za dukani huadimika, kitu kinachoweza kutegemewa mwezi hata mwezi ni pedi ya kitambaa. Wengi huidharau, wakisema ni matambara yale yale ya zamani yaliyoshonwa vizuri. Mimi naona wanaikosea haki. Ina ufundi wake, na ina masharti yake.

Ishike mkononi uitazame. Ina matabaka matatu. La juu, linalogusa mwili, ni pamba laini. La katikati ni nene, mara nyingi taulo au vitambaa vya pamba vilivyokunjwa mara kadhaa; hapo ndipo damu hukaa. La chini ni kitambaa kilichopakwa plastiki nyembamba, kinachozuia unyevu kupenya hadi kwenye nguo. Pembeni kuna mabawa mawili yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo cha kubana, ili pedi isisogee mtu akipiga hatua ndefu au akiinama kuchota maji.

Kazi yote hufanywa na pamba. Nyuzi zake zimejengwa kwa selulosi, na selulosi huvuta maji kwa asili yake. Isitoshe, kati ya uzi na uzi mna nafasi ndogo ambazo maji hupanda yenyewe, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Pamba safi ya hospitalini hushika maji zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Nyuzi za plastiki, yaani poliesta, hazina tabia hiyo. Maji huteleza juu yake, na damu itateleza vile vile.

Ndiyo maana anayetaka kushona pedi asidanganywe na rangi. Vitenge vingi vinavyouzwa sasa vimetengenezwa kwa poliesta, na hata kitenge cha pamba kikiwa kipya kina wanga au nta ya kiwandani inayokataa maji mpaka kifuliwe mara kadhaa. Kuna vipimo viwili ambavyo havigharimu kitu. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likizama mara moja, kitafaa, likikaa juu na kung'aa, kirudishe. Kisha chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, bali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Fulana kuukuu ya pamba kutoka kwenye mitumba, iliyofuliwa miaka na miaka, mara nyingi hushinda kitambaa kipya.

Nguo si ngeni katika njia hizi. Katika karne ya 19, Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake kutoka pwani, nguo za merikani na kaniki zilifika kwa misafara kupitia Ujiji, na vipande vya nguo vilitumika kama fedha. Bibi zetu walitumia vipande vilivyochakaa, wakavifua, wakavitumia tena. Pedi ya kutupa ndiyo ngeni. Kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilianza kuuza Kotex mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuiachia shehena ya kitambaa cha selulosi kilichokuwa kikitumika kufunga vidonda, ambacho wauguzi walikwisha gundua kuwa kinawafaa katika siku zao. Pedi za kutupa za leo zina plastiki nyingi. Mahali ambapo hakuna gari la taka, huishia kwenye choo cha shimo, na humo haziozi.

Katika nchi jirani ya Uganda, kitambaa kilirudi kwa sura mpya. Mwaka 2010 Sophia Klumpp na Paul Grinvalds walianzisha AFRIpads katika kijiji cha Kitengeesa karibu na Masaka, wakiajiri wanawake wa hapo hapo kwa cherehani, wakishona pedi za kudumu mwaka mmoja na zaidi. Pedi hizo ndizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walizozitumia katika shule nane za wilaya ya Kamuli, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Shule nyingine zilipewa pedi, nyingine mafunzo ya balehe, nyingine vyote viwili, nyingine hazikupewa kitu. Katika shule zisizopewa kitu mahudhurio ya wasichana yalishuka zaidi, kwa tofauti ya takriban asilimia 17. Shule zenyewe zilikuwa chache na wanafunzi wengi walihama kabla ya mwisho, basi tusiichukue tarakimu hiyo kama neno la mwisho. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo nalipenda: mafunzo peke yake nayo yalisaidia. Kuzungumza na msichana kuna uzito wake.

Sasa tuje kwenye kufua, maana hapo ndipo pedi huishi au hufa.

Maji ya kwanza yawe baridi. Damu ina protini, na protini ikikutana na maji ya moto huganda kama yai na kung'ang'ania nyuzi. Doa la namna hiyo hutoka kwa taabu sana. Loweka kwenye maji baridi, na ukiwa na chumvi kidogo tia. Mwaga maji mekundu, kisha ndipo sabuni. Sabuni ya mche iliyopikwa kwa mawese inatosha kabisa. Sugua, suuza, suuza tena mpaka povu liishe, kwa sababu sabuni inayobaki ndani huziba zile nafasi ndogo na pedi huanza kuvujisha huku mwenyewe akidhani imechakaa. Jiki inakula nyuzi na kuharibu lile tabaka la plastiki. Kuchemsha nako huliharibu.

Kisha jua. Hapa naomba msomaji asipite haraka. Vijidudu na kuvu hupenda unyevu na giza. Mionzi ya jua huua vingi kati ya hivyo, na ukavu hunyima vinavyobaki nafasi ya kuzaliana. Pedi iliyofuliwa vizuri ikaanikwa juani hadi ikauka kabisa ni salama. Pedi ile ile ikifichwa chini ya godoro au nyuma ya kabati ikiwa na ubichi ni hatari. Katika jimbo la Odisha nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kuvu wa Candida zaidi kwa wanawake waliotumia vitambaa vya kufuliwa, hasa pale vilipokaushwa ndani ya nyumba au kufichwa chooni. Wapo wanaousoma utafiti huo kama hukumu dhidi ya kitambaa. Mimi nausoma kama hukumu dhidi ya maficho.

Na maficho hayo chanzo chake ni aibu. Msichana anaogopa kaka zake wasione, anaogopa wageni, basi anaanika gizani. Aibu hiyo haina msingi, hata katika dini. Maniema ina Waislamu wengi, na Kasongo ni mji wao wa zamani. Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari inaeleza kuwa mwanamke alimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kuhusu damu ya hedhi iliyoingia nguoni, naye akamwelekeza aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswali na nguo hiyo. Swali liliulizwa waziwazi na likajibiwa waziwazi, bila kukemewa.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, Kabambare kuna jua la kutosha na pedi hukauka kabla ya alasiri. Taabu ni miezi ya mvua. Hapo pasi ya makaa husaidia, ikipitishwa juu ya upande wa pamba tu, pedi ikiwa imekaribia kukauka, na asubuhi inayofuata anga likifunguka itolewe nje. Anayeona haya kuanika wazi atandike kitambaa chepesi juu yake. Jua halitapita lote, lakini hewa itapita, na hilo ni bora mara mia kuliko godoro. Kwa anayebadili mara tatu kwa siku, pedi sita ndio mwanzo mzuri: tatu zitumike, tatu zikauke. Pedi moja isivaliwe kutwa nzima. Mchana ibadilishwe kila baada ya muda wa saa nne hadi sita, hata ikionekana bado haijajaa.

Kwa hiyo, kabla ya kumnunulia binti pedi, baba na mama wajiulize mambo matatu: maji yatatoka wapi, sabuni ipo, na zitaanikwa wapi. Walimu nao wajiulize kama choo cha wasichana kina mlango unaofungwa na ndoo ya maji ndani yake. Mkienda sokoni wiki hii, ongezeni mche mmoja wa sabuni uwe wake peke yake, na mumfungie kamba ya kuanikia mahali panapopigwa na jua.